Maswali ya Wasomaji: Kiti cha Enzi, Ukweli na Dhuluma katika Riwaya ya Fantasia ya Vijana

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoandika kitu kinachofanana: riwaya ya fantasia kwa wasomaji wa miaka 13 hadi 18, yenye mfalme dhalimu, siri ya ukoo, na kijana atakayeifichua. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Waliouliza namna ya kuchora ramani watuwie radhi, zamu yao itafika.

Nimeandika sura sita. Nina binti mfalme aliyelelewa kijijini bila kujijua, nina upanga, nina utabiri wa bibi kizee. Kila nikigusa sura ya saba kisa kinalala. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Umepanga vitu, hujapanga uongo. Riwaya ya namna hii husukumwa na uongo mmoja ambao kiti cha enzi kimeukalia. Utabiri hausukumi chochote, kazi yake ni kungojewa tu, ndiyo maana wahusika wako wamekaa wanangoja.

Weka zile sura kando. Chukua karatasi uandike uongo huo kwa sentensi moja ambayo mtoto wa darasa la tano angeielewa. Mathalani: "Mfalme alitangaza kwamba kaka yake alikufa kwa ndui, kumbe alimfunga." Chini yake jibu mambo manne: nani wanajua, nani ananufaika, ushahidi uko wapi, na ukweli ukitoka kitavunjika nini.

Wanaojua wawe watatu hadi watano. Wakiwa wawili, ukimuua mmoja unabaki na mtu mmoja wa kuja kueleza kila kitu, nawe utaishia kwenye sura ile tunayoichoka kwenye miswada: mzee anakata roho huku akisema "mtafute... mtafute..." Msomaji wa miaka 15 ameshaiona mara nyingi kwenye tamthilia za televisheni. Wakizidi watano, atauliza mbona siri haijavuja. Kila mmoja mpe sababu yake ya kunyamaza, na sababu zisifanane. Mkunga anaogopa. Mtunza hazina analipwa. Mama yake mfalme anaamini kabisa kwamba uongo ule ndio uliozuia vita. Huyo wa tatu mtunze vizuri, maana mwenye kunyamaza kwa nia njema ana mengi ya kusema kuliko mwoga na mla rushwa.

Ushahidi uwe kitu cha kushikika, uwe zaidi ya kimoja, na kila kimoja kiwe na kasoro. Pete inaweza kughushiwa. Shahidi anaweza kununuliwa. Daftari la jikoni linaloonyesha kwamba sahani moja zaidi imekuwa ikipelekwa mnarani kila siku kwa miaka 16 halisemi aliyekula ni nani. Viwili vikikutana ndipo jambo linasimama, na kwenda kukitafuta cha kwanza ndiyo sura yako ya saba.

Jambo la nne ndilo linalorukwa na wengi. Ikiwa siri itatoka, mfalme aondoke, halafu bei ya chumvi ibaki ile ile, basi siri yako ilikuwa ya watu wa kasri peke yao na msomaji hakuwa na sababu ya kuijali. Ifunge pamoja na mzigo wa raia. Kwa mfano, tangu "msiba" wa yule kaka kila kaya imekuwa ikitozwa ushuru wa matanga. Hapo ukweli una kilo zake, na kila kijiji kina sababu ya kutaka kuusikia.

Katika hadithi yangu mfalme akifa anarithiwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume. Rafiki yangu anasema nimeiga sinema za Ulaya. Kuna njia nyingine? (Msomaji, Kigali)

Rafiki yako ana haki, na wewe ndiye uliyekaa karibu kuliko sote na mfano bora. Katika Rwanda ya wafalme, jina la mrithi lilikuwa siri iliyotunzwa na abiru, wakuu wa mila walioihifadhi kanuni ya ufalme, ubwiru, kwa kuikariri. Mwaka 1959, Mfalme Mutara III alipofariki bila mtoto, ni mazikoni pale Mwima, karibu na Nyanza, ndipo jina la Kigeli V lilipotangazwa mbele ya wakoloni wa Kibelgiji ambao hawakulitarajia. Tazama namna kanuni ile inavyompa mwandishi kazi: ukweli wa taifa umo vichwani mwa watu wachache. Je, wakitofautiana? Je, mmoja akifa kabla hajamrithisha mwanawe?

Halafu kuna mapinduzi ya Rucunshu, 1896. Mfalme Rwabugiri alikuwa amemteua mwanawe Rutarindwa amrithi, na kwa kuwa mama mzazi wa kijana alikwisha kufa, akampa Kanjogera, mke wake mwingine, awe mama wa kiti. Kanjogera alikuwa na mwanawe wa kumzaa. Akashirikiana na kaka yake Kabare, Rutarindwa akaangamia, na Musinga, mtoto bado, akaketishwa. Aliyeaminiwa kumlinda mrithi ndiye aliyemwangusha, na cheo alichokitumia ni kile kile cha ulinzi. Hakuna haja ya joka hapo.

Buganda, kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume wa Kabaka (mfalme), aliyepewa jina la cheo Kiweewa, hakustahili kuwa Kabaka. Mwaka 1888 aliwekwa mmoja hata hivyo, wala hakufunga mwaka akiwa amekalia kiti. Pwani nako wanawake wametawala: Fatuma alikuwa malkia wa Unguja katika karne ya 17, na Habari za Pate zinamsimulia Mwana Darini, aliyenyimwa siwa, baragumu la heshima, ya kupigwa kwenye sherehe ya kumtahiri mwanawe, naye akaagiza fundi amchongee nyingine ya pembe za ndovu iliyoipita ya kwanza. Baragumu moja, na ukoo mzima umejibiwa.

Kwa ufalme wako andika kanuni tatu fupi: nani anastahili, nani mwenye kutangaza, na kwa kitu gani, iwe ngoma, siwa, muhuri au kinyesi cha tembo ukipenda. Kisha mtafute mtu mmoja anayeweza kuivunja kila kanuni. Ila usichukue tambiko halisi la ukoo ulio hai na kulihamisha zima zima. Chukua umbo la kanuni, majina na maneno ya ibada tunga yako.

Shujaa wangu, Zuhra, akisikia uongo meno yanamuuma. Marafiki walionisomea wanasema baada ya sura ya nne hakuna tena kinachowashangaza. Niondoe kipaji hicho? (Msomaji, Mombasa)

Usikiondoe, kibane. Kipaji kisicho na mpaka huua fumbo, kwa kuwa Zuhra anaweza kumwita kila mtu barazani, kumwuliza swali moja, na riwaya ikaisha kabla ya adhuhuri. Mpaka wa kwanza na wa lazima: anachosikia ni kama msemaji *anaamini* anachokisema. Mlinzi aliyedanganywa atasema maneno ya uongo kwa moyo safi, na meno yatatulia. Kanuni hiyo moja itakurudishia nusu ya mshangao.

Mpaka wa pili ni sheria. Kadhi wa ufalme wako asikubali meno ya msichana kuwa ushahidi. Zuhra ajue ukweli ukurasa wa 60 na aweze kuuthibitisha ukurasa wa 180. Kujua bila kuweza kuthibitisha ndiko kunakomfanya kijana msomaji agune, kwa sababu hali hiyo anaifahamu kutoka nyumbani na shuleni.

Wa tatu ni gharama. Kuumwa meno ni usumbufu, si gharama. Tungependekeza iwe hivi: kila akitumia kipaji, mpaka jua lizame yeye mwenyewe hawezi kusema uongo. Sasa siku ya kumhoji waziri ni siku ile ile ambayo askari wakimkamata na kumwuliza jina, atalitaja.

Halafu wafundishe wakubwa wa kasri kuzungumza. Watu waliokaa na dhalimu miaka mingi hawadanganyi ovyo, husema kweli iliyokatwa mahali panapofaa. Zuhra anamwuliza waziri mfalme yuko wapi:

"Mfalme amepumzika. Na ameagiza asisumbuliwe."

Meno kimya. Agizo lilitolewa jana, akiwa hai. Kupumzika ni kule ambako hakuamkwi. Waziri hajasema uongo hata herufi moja. Msomaji akirudi nyuma baada ya sura tatu na kukuta maneno yalikuwa wazi mbele ya macho yake, atakusamehe mengine yote.

Lugha yetu imejaa silaha hizo, ni ajabu waandishi wa fantasia kuziacha na kukimbilia mihadhara. Katika kisa cha Fumo Liyongo, mfungwa anamwimbia kijakazi ujumbe mbele ya walinzi wake: mama aoke mkate na ndani yake aweke tupa. Mkate unaokwa wa makapi, walinzi wanaudharau na kumwachia. Baadaye kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Kila hatua ina mtu anayesikia na asiyeelewa. Jaribu sura moja ambamo habari nzito inapita kwa fumbo, kwa wimbo wa harusi, au kwa maandishi ya kanga iliyoanikwa uani, huku adui yupo. Kosa la kuepuka ni kulifumbua fumbo papo hapo kwa sauti ya msimulizi. Subiri angalau sura moja.

Mfalme wangu ni katili sana, anakata watu vichwa kila sura. Lakini mhariri ameandika pembeni: "Dhuluma haionekani." Anataka nini zaidi? (Msomaji, Lindi)

Anataka vichwa vipungue na hesabu iongezeke. Anayekata vichwa ni muuaji; dhuluma ya ufalme inafanya kazi hata siku ambayo mfalme anaumwa na hajatoka chumbani. Ina karani, ina kipimo, ina siku ya kukusanya, na ina watu wa kawaida wanaopata kitu kidogo kwa kuitumikia.

Fanya zoezi hili kwa kaya moja. Watu 5, kila mmoja akila nusu kilo ya nafaka kwa siku, kwa mwaka ni kilo 912 hivi. Shamba linatoa magunia 10 ya kilo 100 ya mtama, yaani kilo 1,000. Zimebaki kilo 88: mbegu ya msimu ujao tuseme 20, zilizosalia ndizo chumvi, jembe na nguo. Mfalme anatangaza ushuru wa gunia 1 kati ya 10. Barazani inasikika kama huruma. Nyumbani, kaya imepungukiwa kilo 12 za chakula na mbegu haipo kabisa. Mwaka wa pili wanakopa mbegu kwa jumbe, moja kwa mbili. Mwaka wa tatu mtoto wa kike anapelekwa kasri "kusaidia jikoni" mpaka deni liishe, nalo haliishi. Hakuna aliyechapwa kiboko, na msomaji wako amekasirika. Yule mtoto wa jikoni anaweza hata kuwa ndiye anayehesabu sahani za mnarani.

Huko kwenu kuna darasa la wazi. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1898 ilikuwa rupia 3, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Kuanzia 1902 majumbe wa kusini waliamriwa kuwa na mashamba ya pamba yaliyolimwa na wanakijiji kwa zamu, siku ambazo mashamba yao wenyewe yalihitaji mikono. Malipo yalikuwa duni hata wengine wakakataa kuyapokea. Na Vita vya Maji Maji, Julai 1905, vilianzia Nandete, Umatumbi, kwa watu kung'oa miche ya pamba. Linganisha na miswada ambamo uasi unaanza kwa vijana watano kuvamia lango kuu usiku. Uasi unaoaminika huanza kwa kukataa kile kitu hasa kinachokukaba: kung'oa mche, kutojitokeza siku ya zamu, kuivunja pishi ya kupimia.

Kuhusu hiyo pishi: wape watoza ushuru kipimo kikubwa cha kupokelea na kidogo cha kutolea. Ni jambo la kurasa mbili tu, na linakupa ushahidi ambao mtoto wa miaka 14 anaweza kuuiba, kuubeba chini ya nguo, na kuuonyesha hadharani kwa kumimina nafaka.

Usisahau wanaonufaika. Jumbe asiwe shetani. Ana watoto wanne, na akikusanya pungufu yeye ndiye anayefidia. Pale ambapo mtu mzuri anafanya hesabu mbaya kwa sababu ya hofu, ndipo dhuluma ya mhariri wako inapoonekana.

Kasri langu lina kumbi pana na madirisha ya vioo. Ufalme uko pwani. Inafaa? (Msomaji, Nakuru)

Kioo kiweke kando, na upana pia. Majumba ya mawe ya pwani yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko ambazo zinamudu upana wa mita 2.5 hadi 3 tu. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Husuni Kubwa ya Kilwa, ya mwanzoni mwa karne ya 14, ina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lakini kusanyiko kubwa lilihitaji ua ulio wazi juu. Yaani hukumu za mfalme wako zitasomwa uani, na walioko vyumba vya juu watasikia. Ukitaka mtu ajue asilopaswa kujua, jengo lenyewe limekusaidia.

Nyumba ya mawe ya Lamu itakupa ngazi za heshima bila maelezo: daka mlangoni, kisha tekani, kiwanda (yaani ua) kilicho wazi, msana wa tini, msana wa yuu, na ndani kabisa. Mgeni wa kwanza anaishia daka. Onyesha Zuhra wako (kama unaye) akisimamishwa daka sura ya 3, kiwandani sura ya 12, na siku anapofika ndani, msomaji atajua uzito wake bila kuambiwa.

Nimebuni viumbe wanaoitwa "korobezi". Mara naandika "korobezi hii", mara "korobezi huyu", na wingi unanishinda. (Msomaji, Bukavu)

Amua leo, andika uamuzi huo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kiumbe mwenye uhai na akili anafuata A-WA katika upatanisho, umbo la jina liwe lolote: korobezi huyu amekuja, korobezi hawa wamekuja. Ukitaka wingi uonekane kwenye jina lenyewe, sema makorobezi, nao bado "wamekuja". Na hapa kuna nafasi nzuri kwa riwaya ya dhuluma: sheria za mfalme ziwaandike "korobezi hizi", kama vitu, wakati msimulizi na watoto wanasema "hawa". Usilieleze. Mwalimu wa Kiswahili atakayelisoma darasani atalieleza kwa furaha.

Majina ya watu yawe yanayosomeka kwa sauti bila kusita, silabi mbili hadi nne, na wahusika wakuu wasianze kwa herufi moja. Zuhra, Zaituni na Zubeda katika ukumbi mmoja ni adhabu. Ritifaa katikati ya jina acha, isipokuwa ng' inapohitajika.

Iwe na maneno mangapi, na nikimaliza niipeleke wapi? (Msomaji, Morogoro)

Lenga maneno 50,000 hadi 65,000. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja, hivyo usijipime kwa vitabu vya Kiingereza vya maneno 90,000. Ukurasa wa A5 wenye herufi za kusomeka vizuri hubeba maneno 280 hadi 300, kwa hiyo 60,000 ni kurasa 200 na ushei. Wachapaji hukunja karatasi kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16: kurasa 208 zinaingia sawasawa katika mafungu 13, kurasa 211 zinakulazimisha kulipia fungu la 14 karibu tupu. Sura 28 hadi 32, kila moja maneno kama 2,000, zinafaa kusomwa jioni moja au kipindi kimoja.

Pa kupeleka: Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kundi la riwaya. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea kazi za Kiswahili kutoka popote. Soma tangazo la mwaka husika, masharti ya urefu na umbo la faili hubadilika, na mswada mzuri hutupwa kwa kukosa ukurasa wa jina.

Kwa mchapishaji wa kawaida, tuma sura tatu za mwanzo mfululizo (si zile uzipendazo) pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja hadi miwili. Katika muhtasari taja uongo, taja aliyeuficha, na taja namna unavyofichuka. Wengi huandika "Je, Zuhra atafanikiwa?" wakidhani wanamtia mhariri hamu. Mhariri anataka kujua kama unaujua mwisho wa kitabu chako.